Kuchagua Msumeno wa Mnyororo na Kuangusha Mti kwa Usalama

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya darasa, sisi tunaolala mabwenini twasikia mlio kutoka ng'ambo ya bonde, kama mlio wa nyigu wakubwa. Wageni wa Kidato cha Kwanza huuliza ni nini. Wenyeji wa Mufindi hawana haja ya kuuliza. Ni misumeno ya mnyororo, ambayo sote twaijua kwa jina la chenso, ikikata misindano katika Shamba la Miti la Sao Hill na katika mashamba ya wanakijiji. Mlio ukinyamaza, husikika kishindo. Hapo twajua kwamba mti mwingine umelala.

Mhariri wetu aliponiomba niandike juu ya kazi moja ya nyumbani kwetu, sikuchelewa kuchagua. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, ambaye tangu mwaka juzi anatembea kwa gongo. Habari yake nitaieleza mahali pake. Ya pili ni sisi wenyewe wa Kidato cha Nne. Mwezi wa Novemba, tukiisha kufanya mtihani, tutarudi makwetu kungoja majibu. Wengi tutakuta kazi ya msituni inatungoja mlangoni, kwani hulipa upesi na haitaki cheti. Yafaa basi tujue tunaingia katika nini.

Lakini lazima nikiri jambo moja kabla ya kuendelea. Mimi mwenyewe sijapata kuangusha mti kwa chenso. Nina umri wa miaka kumi na saba, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtoto wa chini ya miaka kumi na minane kuajiriwa katika kazi ya hatari. Nayaandika niliyoyaona kwa macho yangu na niliyofundishwa na baba mdogo, ambaye amefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini na bado ana viungo vyake vyote.

CHOMBO CHENYEWE

Zamani mti uliangushwa kwa shoka na kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja huku na mwenzake kule, wakivutana mpaka jasho liwatoke. Mwaka 1926 fundi mmoja wa Ujerumani, Andreas Stihl, alitengeneza msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa umeme. Miaka mitatu baadaye akatoa wa petroli. Vyombo hivyo vya kwanza vilikuwa vizito, vikabebwa na watu wawili.

Mnyororo wenyewe una hadithi ya kupendeza. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alikuwa akipasua kuni katika misitu ya Oregon alipoona funza wa dudu la mti akijitafunia njia ndani ya gogo. Akamtazama vizuri. Funza yule hakukwaruza mti kama msumeno wa kawaida ufanyavyo, bali alikata kwa taya zake mbili, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, moja la kulia na moja la kushoto kwa zamu, na mwaka uliofuata akaanza kuuuza. Ukiutazama mnyororo wa chenso leo, utaona kwamba meno yake bado yamepangwa hivyo. Naam, binadamu alifundishwa na funza.

Chenso ikizungushwa kwa nguvu zake zote, mnyororo hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde moja. Mkimbiaji hodari wa dunia akimaliza mita 100 kwa sekunde kumi, mnyororo huzimaliza kwa tano. Chombo chenye mwendo wa namna hiyo hakina msamaha kwa mtu mzembe.

KUCHAGUA

Likizo ya Juni baba alikuwa na akiba ya kununua chenso. Miti yetu, ekari tatu za misindano, ilipandwa mwaka niliozaliwa mimi, na sasa imekomaa vya kutosha kuuzwa. Baba alikuwa ameonyeshwa msumeno mmoja mkuukuu, mkubwa, wa cc 105, uliotumika miaka mingi kupasulia mbao. Bei yake ilikuwa rahisi. Baba akasema, "Huu ni dume. Hautashindwa na mti wowote."

Baba mdogo akauinua, akaugeuza huku na huku, kisha akauliza kwa upole, "Kaka, breki yake iko wapi?"

Haikuwapo. Mwenye kuuza akacheka, ati breki ni ya waoga. Baba mdogo akauweka chini, akamshukuru, tukaenda zetu. Njiani alitueleza mambo matano ya kutazama katika kuchagua chenso.

Jambo la kwanza ni ukubwa wa injini. Wengi hudhani kwamba kubwa ndiyo bora. Sivyo. Chenso ya cc 40 hadi 50 yatosha kwa kukata matawi na kupunguza miti michanga. Ya cc 50 hadi 70 yafaa kwa kuangusha misindano iliyokomaa, yenye kipenyo cha sentimeta 25 hadi 45 hivi. Ya cc 70 na kuendelea ni kwa miti minene na migumu, kama mikaratusi mikubwa. Kwa ekari zetu tatu za misindano, cc 105 ingekuwa sawa na kununua lori la kubebea debe moja la mahindi.

Jambo la pili ni uzito. Ule mkubwa ulikuwa na kilo kama kumi kabla ya kutiwa mafuta. Wa cc 50 una kilo tano hivi. Tofauti hiyo huionji dukani. Utaionja saa saba mchana, mgongo umechoka na mikono inatetemeka. Mtu aliyechoka ndiye anayejikata.

Jambo la tatu ni urefu wa ule ubamba wa chuma ubebao mnyororo. Mimi nitauita upanga. Upanga mrefu huvutia macho, lakini huongeza uzito, humaliza nguvu za injini, na ncha yake husahaulika upesi inagusa nini. Fundi stadi aweza kuangusha mti wenye kipenyo kinachokaribia mara mbili ya urefu wa upanga wake, kwa kukata upande huu na kuhamia upande wa pili. Basi upanga wa sentimeta 38 au 45 watosha kabisa kwa misindano yetu.

Jambo la nne ni vifaa vya usalama vilivyomo katika msumeno wenyewe. Kuna breki ya mnyororo, ambayo hufungwa kwa kile kinga kilichosimama mbele ya mkono wa kushoto. Kuna kifungio cha kifyatuo, kinachozuia injini isiende mbio mpaka kiganja kiwe kimeshika mpini barabara. Kuna kidaka mnyororo, kipande kidogo cha chini kinachonasa mnyororo ukikatika. Kuna mipira au springi zinazopunguza mtetemo, kwani mtetemo wa miaka mingi huharibu mishipa ya vidole, vikawa vyeupe na kufa ganzi. Mwisho kuna swichi ya kuzimia, ambayo yapasa ifikiwe kwa kidole bila kuachia mpini. Kimoja kikikosekana au kikiwa kibovu, usinunue. Na kama umekwisha nunua, usiwashe.

Yawezekana msomaji auliza, kwa nini breki ile ni kubwa hivyo kwa maana? Chukua chenso iliyozimwa uitazame ncha ya upanga. Gawanya ncha hiyo nusu mbili, ya juu na ya chini. Nusu ya juu ndiyo hatari. Mnyororo unaokimbia ukigusa gogo au tawi kwa sehemu hiyo, meno hujishikiza badala ya kukata, na msumeno wote hurushwa juu na nyuma kuelekea uso na shingo ya mwenye kuushika. Hutokea upesi kuliko kufumba jicho. Breki nzuri husimamisha mnyororo kabla haujamfikia mtu. Hata hivyo breki si hirizi. Dawa ya kwanza ni kutokata kwa ncha ya juu, kushika kwa mikono miwili na vidole gumba vimezungushwa chini ya mipini, na kutosimama sawasawa nyuma ya upanga.

Jambo la tano ni vipuri na fundi. Chenso isiyo na mnyororo wa akiba, plagi wala fundi katika mji wa karibu, hata iwe nzuri namna gani, siku ya pili itakuwa pambo la nyumbani.

FEDHA ZA MAVAZI

Hapa ndipo baba na baba mdogo walipogombana kidogo. Baba alitaka kutumia akiba yote kununua chenso. Baba mdogo akasema fedha zigawanywe: fungu moja la msumeno, na fungu moja la mavazi. Akasema, "Chenso bila mavazi ni nusu chenso."

Mavazi yenyewe ni kofia ngumu yenye wavu wa kufunika uso na vifuniko vya masikio, glavu, buti zenye chuma vidoleni na soli isiyoteleza, na suruali maalumu. Masikio yanahitaji kinga kwa kuwa mlio wa chenso hupita desibeli 100, hali masikio huanza kuharibika pole pole kwa kelele za desibeli 85 zikisikika kutwa nzima, siku nenda siku rudi. Mtu hahisi maumivu. Siku moja tu huona kwamba wajukuu wanamsemesha kwa kupiga kelele.

Suruali ile ilinishangaza zaidi. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu, nyepesi. Mnyororo ukigusa paja, hukata kitambaa cha juu, kisha nyuzi zile huvutwa nje na kujisokota katika gurudumu linaloendesha mnyororo, nao husimama kabla haujafika mbali katika nyama. Suruali ya jinzi haiwezi kufanya hivyo, wala koti la mvua, wala dua peke yake.

KUTUNZA

Injini nyingi za chenso hutumia petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu. Kipimo cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili; yaani lita tano za petroli kwa mililita 100 za oili. Kwanza soma kitabu cha chombo chako, maana vipo vinavyotaka vingine. Oili ikipungua, injini hukwama na kufa. Ikizidi, hutoa moshi na kuziba.

Kuna na tangi la pili, la oili ya kulainisha mnyororo. Kila utiapo petroli, tia na oili hiyo. Injini izimwe na ipoe kwanza, kisha usogee mita tatu kutoka pale ulipomwaga mafuta kabla ya kuiwasha tena. Majira ya kiangazi, nyasi zikiwa kavu, cheche moja yaweza kuteketeza kazi ya miaka kumi na saba, tena pamoja na shamba la jirani.

Mnyororo unolewe kwa tupa ya duara inayolingana na meno yake, kila jino kwa idadi ileile ya misukumo, ili la kushoto lisiwe fupi kuliko la kulia. Utajuaje kwamba umekuwa butu? Tazama unachotema. Mnyororo mkali hutema vipande vidogo kama vya chai ya majani makubwa; mnyororo butu hutema unga. Ukiona unga, usiukandamize msumeno kwa nguvu. Simama, zima, unoe.

KUUSOMA MTI

Sasa tufike msituni. Baba mdogo hufika chini ya mti, akaiweka chenso chini, akauzunguka mti polepole akitazama juu. Mara ya kwanza niliposhuhudia nilidhani anaomba. Kumbe anasoma.

Anasoma umeinamia wapi. Anasoma upande wenye matawi mengi, kwani huko ndiko uzito uliko. Anasoma upepo. Anatazama kama kuna tawi kavu lililonasa juu, ambalo laweza kumshukia kwa mtikisiko wa msumeno. Anagonga shina asikie kama limeoza ndani. Mti wa msindano wenye kipenyo cha sentimeta 40 na urefu wa mita 25, ukiwa mbichi, huweza kupita tani moja. Uzito huo ukishaanza kuja, hakuna mjadala.

Akisha kusoma, huchagua mahali pa kuulaza, penye nafasi, pasipo na mti wa kuunasa. Kisha hufyeka vichaka kuzunguka shina, na kusafisha njia ya kukimbilia. Njia hiyo haiwi nyuma kabisa ya mti, maana shina laweza kurudi nyuma kama mkuki. Huwa nyuma kwa pembeni, kwa pembe ya digrii 45 hivi kutoka upande wa nyuma.

Kisha huwaondoa watu. Sheria yake ni urefu wa miti miwili. Mti ukiwa na mita 25, asiwepo mtu ndani ya mita 50, ila mkataji na msaidizi wake anayejua kazi. Watoto wanaokuja kuokota kuni na kina mama wanaopita na mizigo wangojwe wapite. Wala mkataji asifanye kazi peke yake msituni. Awepo mwenzake ndani ya umbali wa sauti, mwenye simu na bandeji kubwa ya kuzuia damu.

MIKATO NA BAWABA

Kuangusha mti kuna mikato mitatu. Miwili ya kwanza hufanya mdomo, upande ule tunaotaka mti uangukie. Mkato wa juu huteremka kwa mshazari, na mkato wa chini huingia kwa ulalo mpaka ikutane barabara. Kipande kikitoka, hubaki pengo kama kipande cha tikiti kilichomegwa. Pengo hilo liwe wazi kwa digrii 45 au zaidi, na kina chake kiwe sehemu moja ya tano hadi moja ya nne ya kipenyo. Kwa mti wa sentimeta 40, kina ni sentimeta 8 hadi 10.

Mkato wa tatu hutoka nyuma, kwa ulalo, sentimeta mbili au tatu juu ya usawa wa chini ya mdomo. Na hapa, wasomaji wapenzi, ndipo ilipo siri ya kazi yote. Mkato wa nyuma haukutani na mdomo. Kati yao huachwa ukanda wa mti usiokatwa, unene wake sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kwa mti wetu wa sentimeta 40, sentimeta nne. Ukanda huo huitwa bawaba, kwa sababu hufanya kazi kama bawaba ya mlango. Mti unapolala, hujikunja pale, ukashuka upande wa mdomo bila kugeuka kulia wala kushoto, mpaka pengo la mdomo lifumbe na bawaba ikatike yenyewe.

Baba mdogo aliniuliza, "Mwanangu, mti unaongozwa na nini?" Nikajibu, "Na msumeno, baba." Akatikisa kichwa. "Msumeno unaondoa tu. Mti unaongozwa na kile ulichokiacha."

Nimelifikiri sana neno hilo. Mkataji mwenye haraka hukata mpaka mwisho, bawaba ikaisha, na hapo mti hauna bwana. Huanguka utakako wenyewe. Mkataji mwingine huacha bawaba nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mti ukavutwa upande ule mnene. Na kama mti umeinama sana mbele, mdomo ukawa mdogo na mkato wa nyuma ukaenda polepole, shina laweza kupasuka wima, kipande cha nyuma kikaruka juu na kumpiga mtu kifuani au kichwani. Miti ya namna hiyo ina mkato wake wa pekee, wala si ya mwanafunzi, mwachie aliyefundishwa.

Mkato wa nyuma ukiisha kuingia vya kutosha, pigilia kabari ya plastiki au ya mti, kamwe isiwe ya chuma, ili mti usikae juu ya upanga na kuubana. Mti ukianza kwenda, ondoa msumeno, ufuate ile njia uliyoisafisha, macho juu, wala usikimbie kwa kuupa mti mgongo. Ngoja mpaka matawi yatulie.

MTI ULIONASA, NA HABARI YA KAKA

Nilisema nitaeleza habari ya kaka. Mwaka juzi aliajiriwa na mtu mmoja aliyenunua shamba la misindano. Walilipwa kwa idadi ya miti, siyo kwa siku. Kofia hazikuwapo, suruali hazikuwapo, na kila mtu alitazamia kukata mingi kuliko mwenzake.

Siku moja mti wake haukufika chini. Ulinasa katika matawi ya mti wa pili, ukabaki umeegemea. Mti ulionasa ndio mtego mbaya kuliko yote msituni. Sheria zake ni chache na hazina ruhusa. Usipite wala usifanye kazi chini yake. Usiupande. Usiukate ule mti unaouzuia. Usiangushe mti mwingine juu yake ukitumaini utausukuma. Usiuache bila alama ukaenda kula. La kufanya ni kuugeuza shina kwa mtaimbo wenye ndoano mpaka ujitoe, au kulivuta tako lake nyuma kwa mtaimbo, au kwa kamba ndefu ya chuma na trekta; na kama vyombo hivyo havipo, kuzungushia alama mahali pale na kumwita mwenye navyo.

Kaka hakuwa amefundishwa lolote kati ya hayo. Jua lilikuwa linashuka na miti yake ilikuwa michache. Akaenda kuukata ule mti uliozuia. Miti yote miwili ikaja pamoja. Mmoja ukamvunja paja. Alibebwa katika machela ya matawi mpaka barabarani, akangoja gari muda mrefu. Alilala hospitali miezi mitatu. Aliyemwajiri alimlipa miti aliyokwisha kuiangusha, pamoja na ile miwili.

Siandiki haya kwa kumlaumu kaka. Yeye mwenyewe aliponiona naandika makala hii aliniambia, "Waandikie kwamba niliijua kazi. Nilikuwa nimeangusha miti mingi, na yote ilikwenda vizuri. Ndiyo maana nikafikiri naijua." Maneno haya yafaa kusomwa mara mbili. Kufanikiwa si kujua. Mtu aweza kufanya kosa lilelile mara mia na asidhurike, akadhani ni ustadi.

LA KUFANYA

Basi tufanye nini sisi tunaotoka shuleni? Kwanza, tusione haya kujifunza. Kipo Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi, kipo Chuo cha Misitu Olmotonyi karibu na Arusha, na pale Mafinga kipo kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Mafunzo ya msumeno si ya miaka mingi. Pili, tusikubali kazi bila mavazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake; mavazi hayo si zawadi yake kwetu. Tatu, kwa wazazi wetu wanaosoma gazeti hili: mnaponunua chenso, ulizeni bei ya suruali na kofia siku ileile, dukani mlemle.

Baba alikubali mwishowe. Akanunua chenso ya cc 50, yenye breki, na upanga wa sentimeta 38, pamoja na kofia, buti na suruali moja. Fedha za kuezeka jiko zilikwenda humo, na mama hakufurahi mpaka kaka aliposema neno. Kaka aliishika ile suruali, akazipapasa nyuzi zake kwa vidole, akasema, "Isingeniokoa na mti. Lakini mtu anayekununulia hii hakuhimizi jua linapozama."

Mwezi wa Desemba tutaangusha misindano yetu. Baba mdogo atashika msumeno. Mimi nitakuwa umbali wa miti miwili, kazi yangu ikiwa kuwazuia wapitao njia, na miti ikiisha kulala na kutulia nitaruhusiwa kupima magogo. Wenzangu wa bwenini wamenicheka, ati nitakuwa mlinzi wa mbuzi. Nacheka pamoja nao. Miti ile ina umri wangu. Imesimama miaka kumi na saba bila kumwumiza mtu, na twataka ilale hivyo hivyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne